Shule imetolewa, mtoto ameitwa kambini: Fahamu mtoano wa kikapu wa UMISSETA

Kila unapokaribia mwezi wa sita, studio yetu hapa Bariadi hupokea ujumbe unaofanana. Mzazi anaandika: "Shule ya mtoto wangu imefungwa na kutolewa kwenye kikapu. Sasa mwalimu anasema mtoto anatakiwa kambini wilayani. Hiyo inawezekanaje? Si wameshatolewa?"

Jibu fupi ni hili: inawezekana, na mwalimu hajakosea. Katika michezo ya shule za sekondari Tanzania, inayotolewa ni shule. Mchezaji aliyeonekana vizuri anaweza kuendelea bila shule yake. Jibu refu linahitaji nafasi kuliko dakika za kipindi, ndiyo maana tumeliandika hapa ili ulisome kwa wakati wako na umsomee mwenzako.

Ngazi za mashindano

UMISSETA ni michezo ya umoja wa shule za sekondari Tanzania. Wadogo zao wa shule za msingi wana UMITASHUMTA. Ndani ya UMISSETA kuna soka, netiboli, wavu, mikono, riadha na michezo mingine, na mpira wa kikapu ni mmojawapo, kwa wavulana na kwa wasichana.

Safari huanza shuleni, darasa kwa darasa. Kisha shule hukutana na shule jirani katika kata au tarafa. Baada ya hapo huundwa timu ya halmashauri, halmashauri hukutana mkoani, na mkoa huunda timu moja ya kwenda taifa.

Mkoa wetu wa Simiyu una wilaya tano: Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Halmashauri ni sita, kwa sababu Bariadi ina mbili, ya mji na ya wilaya. Kwa hiyo tukisema mashindano ya mkoa, kwa kawaida tunazungumzia timu sita zinazotafuta kikosi kimoja.

Wazazi waliosoma zamani watakumbuka kwamba hali haikuwa hivi. Kabla ya Simiyu kuwa mkoa mwaka 2012, kijana wa Bariadi, Maswa au Meatu alikuwa akigombea nafasi katika timu ya Shinyanga. Wa Busega alikuwa upande wa Magu, mkoa wa Mwanza. Kuanzishwa kwa mkoa kulileta ofisi na barabara, lakini pia kulifungua nafasi mpya za wachezaji. Kikosi cha kikapu kina watu 12. Mkoa mpya maana yake ni nafasi 12 za wavulana na 12 za wasichana ambazo hazikuwepo.

Fainali za taifa hufanyika kwenye mkoa mmoja mwenyeji, kwa kawaida mwezi wa sita wakati shule zimefungwa. Mwaka 2018 zilikuwa Mwanza, karibu na kwetu. Mwaka 2019 zilikwenda Mtwara. Mwaka 2020 hazikufanyika kwa sababu ya Korona. Mwaka 2021 zilirudi Mtwara, kisha Tabora ikawa mwenyeji miaka mitatu mfululizo, 2022 hadi 2024, na mwaka 2025 zilikuwa Iringa.

Kombaini ni nini?

Timu inayoundwa kwa kuchukua wachezaji kutoka shule mbalimbali huitwa kombaini. Hapo ndipo lilipo jibu la mzazi wetu. Shule zinapocheza katika ngazi za chini, walimu wa michezo hukaa pembeni wakiangalia na kuandika majina. Shule ikipoteza mchezo, safari yake kama shule imeisha. Lakini mlinzi wake aliyemzuia mfungaji hatari wa upande wa pili anaweza kuwa ameandikwa kwenye daftari.

Si kila nchi hufanya hivyo. Jirani zetu wa Kenya hupeleka mbele shule yenyewe. Bingwa wa ngazi ya chini husonga kama shule hadi taifa, na ndiyo maana majina kama Kaya Tiwi ya Kwale na Laiser Hill ya Kajiado yanajulikana na wapenzi wa kikapu wa Afrika Mashariki. Hayo ni majina ya shule, si ya kaunti.

Kila njia ina faida na hasara yake. Njia ya shule hujenga timu inayofahamiana, kwa sababu wachezaji hufanya mazoezi pamoja mwaka mzima. Lakini kijana mwenye kipaji aliye katika shule isiyo na kiwanja huishia njiani mapema. Njia ya kombaini humpa kijana huyo mlango wa pili. Hasara yake ni kwamba wachezaji 12 wasiojuana hukutana kambini siku chache tu kabla ya kucheza. Pia uchaguzi hutegemea jicho la mwalimu, na jicho la mwalimu linaweza kulalamikiwa.

Kwa mkoa kama wetu, wenye shule nyingi za vijijini na viwanja vichache vya kikapu, mlango huo wa pili una maana kubwa. Tunamwambia kijana anayetusikiliza: hata kama timu yenu inafungwa kwa pointi 30 na dakika zimebaki tano, endelea kukaba. Kuna mtu anaandika.

Mtoano ulianzaje: somo kutoka Kanada

Mpira wa kikapu ulibuniwa na mwalimu mzaliwa wa Kanada, James Naismith. Alizaliwa mwaka 1861 karibu na mji wa Almonte, jimbo la Ontario. Desemba 1891, akifundisha Springfield huko Marekani, alitafuta mchezo wa kuchezea ndani wakati wa baridi kali. Alitundika vikapu viwili vya kubebea matunda, akaandika kanuni 13, akagawa wanafunzi wake tisa kwa tisa. Jina la kikapu lilitokana na vikapu hivyo hivyo.

Mchezo uliporudi kwao Kanada na kuenea, lilitokea tatizo ambalo mtu wa Simiyu atalielewa upesi: umbali. Miji iko mbali, fedha hazipo, wachezaji ni wanafunzi na vijana wenye kazi zao. Haiwezekani kila timu icheze na kila timu. Kwa hiyo bingwa wa mji alikutana na bingwa wa mji mwingine, mshindi akasonga hadi jimbo, na mwishoni bingwa wa magharibi akakutana na bingwa wa mashariki.

Njia iliyotumika sana ilikuwa michezo miwili kwa jumla ya pointi. Mfano maarufu ni wa mwaka 1922. Wasichana wa Edmonton walikuwa wamesoma shule moja ya sekondari ya biashara, McDougall, chini ya mwalimu wao Percy Page. Waliendelea kucheza pamoja baada ya kumaliza shule, wakaitwa Edmonton Grads, yaani wahitimu. Walisafiri kwa treni zaidi ya kilomita 2,500 kwenda kukutana na timu ya London, hii ya Ontario, si ile ya Uingereza.

Tatizo likazuka: upande mmoja ulizoea kanuni za wachezaji watano, mwingine kanuni za wasichana za wachezaji sita. Wakakubaliana kucheza mchezo mmoja kwa kila kanuni. Kwa kanuni za sita, Edmonton walifungwa 21 kwa 8. Kwa kanuni za watano, Edmonton walishinda 41 kwa 8. Kila timu ilikuwa na ushindi mmoja. Lakini kwa kujumlisha, Edmonton walikuwa na pointi 49 na London 29. Ubingwa ukaenda Edmonton.

Timu hiyo ilicheza kuanzia 1915 hadi 1940 na kumbukumbu zake zinaonyesha ushindi mara 502 na kupoteza mara 20 tu. Nguvu yake ilitoka kwenye ngazi: timu ya shule iliilisha timu ya vijana, na ya vijana ikailisha timu ya wakubwa. Hakuna aliyelipwa kucheza. Walikuwa makarani na walimu waliofanya mazoezi baada ya kazi.

Ridhaa maana yake nini

Hiyo ndiyo michezo ya ridhaa: unacheza kwa hiari yako, bila mshahara wala posho ya kushinda. UMISSETA ni ya ridhaa. Mwanafunzi hapewi mkataba wala fedha za usajili. Akikutokea mtu akasema lipa kiasi fulani ili mtoto achaguliwe kombaini, ujue huo si utaratibu. Mwone mkuu wa shule au afisa michezo wa halmashauri.

Hesabu za mtoano

Kuna hesabu rahisi ambayo ukiishika hutapotea unaposikiliza matangazo. Katika mtoano wa moja kwa moja, idadi ya michezo ni idadi ya timu ukitoa moja, kwa sababu kila mchezo humtoa mmoja na mwisho hubaki mmoja. Timu sita ni michezo mitano. Timu 26, sawa na mikoa ya Tanzania Bara, ni michezo 25.

Lakini kama kila timu itacheza na kila timu, timu sita ni michezo 15, na timu 26 ni michezo 325. Hakuna kambi ya wanafunzi inayoweza kulisha watoto siku zote hizo.

Ndiyo maana mashindano mengi huchanganya njia mbili. Kwanza makundi, kisha mtoano. Tuchukue timu sita katika makundi mawili ya timu tatu. Kila kundi lina michezo mitatu, jumla sita. Timu mbili za juu katika kila kundi huingia nusu fainali. Ongeza nusu fainali mbili, mchezo wa mshindi wa tatu na fainali: jumla ni michezo kumi. Kila timu imecheza angalau mara mbili kabla ya kurudi nyumbani.

Katika makundi, kanuni za kimataifa za kikapu hutoa pointi 2 kwa ushindi, pointi 1 kwa aliyecheza akafungwa, na sifuri kwa timu iliyogoma au kutofika uwanjani. Wengi hushangaa kusikia aliyefungwa anapata pointi. Anaipata kwa sababu alifika na kucheza.

Sasa angalia mfano huu. Matokeo tumeyatunga ili kufafanua tu. Maswa inaifunga Meatu 40 kwa 30. Meatu inaifunga Itilima 45 kwa 35. Itilima inaifunga Maswa 38 kwa 36. Kila timu imeshinda mara moja na kufungwa mara moja, zote zina pointi 3. Tunaangalia tofauti ya vikapu vya kufunga na kufungwa. Maswa ina ziada ya 8. Meatu ina sifuri. Itilima ina upungufu wa 8. Itilima inatoka, ingawa imemfunga kinara wa kundi.

Je, kama Itilima ingefungwa na Meatu 45 kwa 44 badala ya 45 kwa 35? Hapo Itilima ingekuwa na ziada ya 1 na Meatu upungufu wa 9. Itilima ingesonga na Meatu ingetoka. Pointi tisa zilizotupwa mwishoni mwa mchezo uliokwisha kupotea ndizo zingewarudisha nyumbani. Kwenye kikapu, mchezo unaoupoteza nao una hesabu yake.

Ukiwa pembeni ya kiwanja

Kwa anayetazama kwa mara ya kwanza, haya yanatosha. Kila upande una wachezaji watano ndani na wengine benchi. Mchezo una robo nne za dakika kumi kila moja. Ringi iko urefu wa mita 3.05 kutoka chini. Kikapu cha kawaida ni pointi 2, cha kutoka nje ya mstari wa mbali ni pointi 3, na mtupo wa adhabu ni pointi 1. Mchezaji akifanya faulo tano anatoka na harudi. Kocha mwerevu humtafutia faulo mfungaji wa wapinzani mapema.

Sare haipo. Robo nne zikiisha matokeo yakiwa sawa, huongezwa dakika tano, na nyingine tano, hadi mmoja ashinde. Isipokuwa kwenye ile njia ya michezo miwili kwa jumla ya pointi: hapo mchezo mmoja unaweza kuisha sare, kwa sababu kinachoamua ni jumla.

Kwetu usukumani tunajua mashindano ya ngoma ya Wagika na Wagalu, ambapo anayevuta watu wengi zaidi ndiye mshindi. Kwenye kikapu umati hauamui. Lakini mtoto akisikia sauti ya nyumbani pembeni, anaruka juu zaidi. Nenda ukamtazame.

Na usione aibu kwa kiwanja cha udongo. Mwaka 1936, kikapu kilipoingia rasmi kwenye Olimpiki huko Berlin, fainali ya Marekani na Kanada ilichezwa nje, kwenye viwanja vya tenisi vya mchanga, mvua ikinyesha. Mpira haukudunda vizuri. Marekani walishinda 19 kwa 8, na Kanada wakachukua medali ya fedha. Mwezi wa sita Simiyu ni kiangazi, kwa hiyo angalau tope halitakuwepo.

Mamluki na karatasi

Jambo linaloumiza timu nyingi kuliko kufungwa ni mamluki, yaani mchezaji asiye na sifa. Anaweza kuwa si mwanafunzi wa shule iliyotajwa, amekwisha kumaliza shule, au umri wake umepitiliza. Timu ikithibitika kuwa naye, hupokonywa ushindi, na watoto wengine 11 wasio na kosa hurudi nyumbani pamoja naye.

Kwa hiyo mzazi, usikubali jina la mtoto wako litumiwe na mtu mwingine, wala mtoto wako asitumie jina la mwingine. Tafuta cheti cha kuzaliwa mapema. Hakikisha jina kwenye cheti linafanana na la kwenye usajili wa shule. Tofauti ya herufi moja inaweza kuzua maswali siku ya ukaguzi.

Pamba, kambi na uamuzi wa nyumbani

Tunajua kinachomkwamisha mtoto mara nyingi si mchezo. Msimu wa kuuza pamba kwa kawaida hufunguliwa mwezi wa tano, na Simiyu ni mkoa wa pamba. Siku zile mwalimu anapoita kambini, nyumbani kuna pamba ya kuchuma, kuchambua na kupeleka AMCOS. Mikono ya kijana wa kidato cha tatu ni mikono ya kazi. Kumruhusu aondoke wiki mbili au tatu ni gharama, na asiyelima asimcheke mzazi anayesita.

Ushauri wetu ni kuuliza kabla ya kukataa. Muulize mwalimu maswali haya: Kambi inaanza lini na inaisha lini? Mtoto akitolewa ngazi ya mkoa anarudi siku gani? Nauli na chakula ni vya nani? Wanalala wapi? Kama ni msichana, mwalimu wa kike anayelala nao ni nani na namba yake ya simu ni ipi? Mara nyingine utakuta ngazi ya wilaya ni siku chache tu, na mnaweza kuzipanga na kazi za shambani.

Jambo jingine ni afya. Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo yenye selimundu kwa wingi nchini. Mtoto mwenye selimundu, pumu au tatizo la moyo lazima mwalimu ajue kabla ya mazoezi. Usimfiche ili apate nafasi. Kukimbia juani bila maji kunaweza kumletea hatari ya maisha.

Na kwa wale wanaozuia wasichana tu huku wavulana wakiruhusiwa: nafasi za kombaini ya wasichana haziwezi kuchukuliwa na mvulana. Binti yako asipokwenda, hakuna kilichookolewa isipokuwa nafasi imepotea.

Ngazi inaishia wapi?

Juu ya taifa kuna michezo ya shule za sekondari za Afrika Mashariki, FEASSSA. Mwaka 2022 ilifanyika Arusha, 2023 Huye nchini Rwanda, 2024 Mbale nchini Uganda, na 2025 Kakamega nchini Kenya.

Juu zaidi kuna mfano ambao vijana wetu huuliza kila mara, Hasheem Thabeet. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987 na alianza kucheza kikapu akiwa na umri wa miaka 15, umri wa mwanafunzi wa sekondari. Alipitia shule ya Makongo, akaenda Marekani, akasoma Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili na timu ya Memphis Grizzlies. Ndiye Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Lakini Thabeet ana urefu wa mita 2.21, na hatutamdanganya mtu kwamba kila kombaini itatoa mwingine.

Wengi watakaoitwa mwaka huu watarudi kijijini, watamaliza shule na kuendelea na maisha. Watarudi wakiwa wamelala mji wasioujua, wamecheza na watoto wa mikoa mingine, na wamefungwa bila kugoma. Kwa mtoto ambaye safari yake ndefu zaidi ilikuwa kwenda mnadani, hilo si dogo.

Kwa hiyo mwalimu akipiga simu na kusema mtoto anatakiwa kambini ingawa shule yake imetolewa, usidhani amepotea namba. Muulize maswali yako, angalia pamba yako imefikia wapi, kisha amueni pamoja na mtoto.